Kukomaa katika imani: watu wachache, Waraka wa Yakobo na majuma tisa

Hapa Goma mkristo anaweza kuimba kwaya, kukesha kila Ijumaa na kutoa fungu la kumi bila kukosa, huku mwaka unapita hasemezani na jirani wa robine (bomba la maji la mtaa). Mambo tisa ya tunda la Roho yanayotajwa katika Wagalatia 5:22-23 karibu yote huonekana mbele ya watu. Uvumilivu wa mtu aliyejifungia chumbani nani ataujua? Ndiyo maana tunashauri kikundi kidogo.

Muwe sita hadi kumi. Mkizidi hapo, wapole hunyamaza. Changanyeni wazee na vijana. Mchungaji ajulishwe mapema, kikundi kisije kikadhaniwa kanisa jipya. Jumapili saa tisa hadi saa kumi na nusu inafaa, kila mtu afike kwake kabla ya giza.

Someni Yakobo kwa majuma tisa: mistari 108, yaani wastani wa 12 kwa juma. Msikate hoja katikati. Kila fungu lisomwe mara tatu. Kwanza mmoja asome kwa sauti, Biblia za wengine zikiwa zimefungwa, ili asiyejua kusoma awe sawa na wote. Kisha kila mtu afuate kwenye yake. Mwisho, kimya. Halafu ulizaneni: maneno yanasema nini, yananigusa wapi, na nitafanya nini juma hili, kwa nani?

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. “Nitapenda watu zaidi” si jibu. Jibu lina mtu na siku. Tuseme mmesoma 3:1-12, habari za ulimi, na mama mmoja alimtukana mwenzake kwenye foleni ya bidoni (madumu ya maji). Aseme: “Jumanne asubuhi, kabla ya kuchota, nitaenda kwake.” Mathayo 5:23-24 inamtaka aliyekosa aende mwenyewe. Akifika: “Yaya (dada yangu), nilikutukana mbele ya watu. Unisamehe.” Asiongeze “lakini na wewe”, maana hapo toba inageuka mashtaka. Na kwa kuwa tusi lilisikika na foleni nzima, msamaha nao uombwe tena hapo robine.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosewa, fuata Mathayo 18:15-17: nenda peke yako, kisha na mmoja au wawili, ndipo kanisa. Wengi huanzia mwisho. Wanalipeleka jambo kwenye maombezi, na jina la mtu linazunguka mtaa mzima eti anaombewa. Hakuna kinachoua kikundi haraka kama hicho.

Lakini aliyepigwa au kubakwa asiambiwe kamwe aende peke yake kwa aliyemtenda, wala asiharakishwe kusamehe. Aliyebakwa asindikizwe hospitalini upesi, kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haianzishwi baada ya hapo. Maombi yatamfuata hukohuko.

Kiongozi asihubiri, kazi yake ni kuuliza na kungoja. Likelemba (mchango wa kupokezana fedha) iwe na siku yake nyingine, kwani mwenye deni huacha kuja.

Ahadi ziandikwe kwenye daftari moja, kila mtu aandike yake kwa maneno machache, bila kutaja kosa la mwingine. Jumapili inayofuata, kabla ya kusoma, kiongozi aulize tu: “Ilikuwaje?” Aliyeshindwa asikaripiwe, apangiwe siku nyingine, na mmoja wenu ajitolee kumsindikiza mpaka mlangoni.