Kagua nyumba kwa kufuata maji kabla hujatoa hela

Mimi ni fundi, nimeshaitwa kukagua nyumba nyingi tu, na kila nyumba nachofata kwanza ni maji, maana rangi mpya inaficha mengi ila maji huwa yanaacha alama. Beba tochi, bisibisi, testa ya umeme na gololi ya watoto, ndio gololi, utaona kazi yake.

Hatua ya 1: Nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha. Usiingie ndani, zunguka nje kwanza. Ardhi inatakiwa iteremke kwenda mbali na ukuta, ukikuta maji yametuama kwenye msingi jua hapo pana shida.

Hatua ya 2: Nyufa. Hapa watu ama wanaogopa ovyo ama wanapuuza ovyo. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu ilikauka haraka, lakini ukikuta ufa umeanzia kona ya dirisha ukapanda kimshazari, au unafuata viungo vya tofali kama ngazi, mara nyingi huo ni msingi unatitia upande mmoja, na ukizidi milimita 5 ita injinia kabla hujaanza kuongea bei. Weka gololi sakafuni, ikikimbilia upande wa ufa na milango nayo inakwama, usipuuze.

Hatua ya 3: Panda darini. Mwenye nyumba akikwambia huko juu hakuna cha kuona, ndo upande sasa. Zima tochi kwanza, mwanga unapopenya kwenye paa na mvua inapenya. Halafu washa, chomeka bisibisi kwenye mbao, ikizama kirahisi basi mbao imeoza au mchwa washakula.

Hatua ya 4: Kuta za ndani. Unyevu unaoishia usawa wa kiuno, na unga mweupe wa chumvi juu ya rangi, kawaida unapanda kutoka ardhini. Wa juu tafuta paa au bomba. Kabati likisimama peke yake ukutani mi huwa naomba lisogezwe, siku moja nyuma yake nilikuta ukungu mweusi kuanzia chini mpaka kifuani, na sebule ilikuwa inanukia rangi mpya.

Hatua ya 5: Fungua bomba zote kwa pamoja na uflashi choo, uone presha na chemba kama inameza. Kisha funga kila kitu uangalie mita ya maji, ikiendelea kuzunguka kuna bomba linavuja mahali.

Hatua ya 6: Umeme. Angalia soketi zenye weusi, swichi zinazopata moto, breka zinazojizima hovyo. Boksi usifungue mwenyewe, ita fundi umeme.

Wewe unayeuza pita njia hiyo hiyo mapema, na doa la silingi usilipake rangi kabla hujaziba paa, litarudi tu, na litarudi siku mteja amekuja.