Somo: Kumpiga picha mbega wa Mlima Meru asitoke doa jeusi

Wakuu salaam. Wengi wakiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha hukimbilia twiga wa Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi ulio humo hifadhini, msituni wanapita tu vioo vimefungwa. Mimi naona utamu uko msituni, kwa mbega.

Hatua ya 1: Wahi. Geti likifunguliwa uwe umeshafika. Kuanzia Juni asubuhi za Meru ni za baridi, na mbega hupanda juu ya miti kuota jua, mikia yao ikining'inia. Chakula chao kikubwa ni majani, na tumbo lao lina vyumba vinavyoyachachusha taratibu, ndiyo maana hukaa kitako muda mrefu kuliko kima. Kwa anayeanza kupiga picha, huyu ndiye wa kuanza naye.

Hatua ya 2: Tumia sikio. Alfajiri dume hunguruma kama pikipiki kuukuu inayogoma kuwaka, na kundi la jirani hujibu. Fuata sauti, kisha tulia. Usisimame chini yao moja kwa moja. Mvua yao haina mwavuli.

Hatua ya 3: Mwanga. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Mwili mweusi ti, mabega na mkia vyeupe pe. Kamera ikiona weusi mwingi hudhani ni giza, inaongeza mwanga, na ule weupe unaungua, manyoya hayaonekani tena. Akiwa mbele ya majani, punguza mwanga kwa kitufe cha +/- cha kamera hadi -0.7 au -1. Akiwa juu na mbingu nyeupe nyuma yake, fanya kinyume: ongeza +1, la sivyo utaambulia kivuli. Mbingu ya namna hiyo mimi huikwepa, nahama hatua chache mpaka nipate majani nyuma yake.

Fokasi iwe kwenye jicho. Uso mweusi, jicho jeusi. Ukiona kinukta cha mwanga ndani ya jicho, umempata. Aiso (ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 msituni usiiogope. Shata (kasi ya kufunga kamera) iwe 1/250 ya sekunde akiwa amekaa, 1/1000 akiruka. Mara nyingi kabla ya kuruka hukodolea tawi la mbele na kunesanesa. Anza kubonyeza hapo hapo. Flashi iache nyumbani.

Hatua ya 4: Nyati. Ukitembea kwa miguu lazima uwe na askari mwenye bunduki, na sababu kubwa ni nyati. Akisema simama, simama, hata kama mbega ndiyo kwanza amegeuka.

MASWALI

*Mkuu, mimi nina simu tu. Nijaribu?*
Jaribu, kaka. Gusa kioo kwenye manyoya meupe, kisha shusha mwanga kwa kidole. Usivute zumu mpaka mwisho. Ukiwa na darubini, bandika kamera ya simu kwenye jicho lake, inasaidia sana.

*Nimeona mtoto mweupe mwili mzima. Ni zeruzeru?*
Hapana, dada. Mbega huzaliwa weupe, weusi huja baada ya miezi michache. Ukimkuta, piga picha nyingi: kitoto cheupe kifuani kwa mama mweusi hakipatikani kila siku.

*Simba je?*
Hifadhi hii haina simba wa kudumu. Chui na fisi wapo, ila kuwaona mchana ni bahati.

*Nikipanda kileleni nitegemee wanyama gani?*
Msituni, mpaka vibanda vya kulala vya Miriakamba (kama mita 2,500), ni mbega, kima na nyati. Ukikaribia vibanda vya Saddle, mita 3,570, kagua miamba: mbuzi mawe husimama juu ya ncha za kwato, rangi yake ile ile ya jiwe. Ukishuka, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu. Ukiitoa ghafla kwenye hewa ya joto, lenzi inajaa ukungu.

*Droni?*
Bila kibali hairuhusiwi, mkuu.