SOMO: Umeandikiwa CT ya shingo bila dawa? Soma hapa kabla hujaenda

CT ni kipimo kinachotumia eksirei na kompyuta kupiga picha za ndani ya mwili, kipande kwa kipande. Wengi wakiona "bila dawa" kwenye fomu hudhani wamepewa kipimo pungufu. Sivyo. Dawa inayosemwa hapo ni ile yenye ayodini inayochomwa kwenye mshipa ili mishipa ya damu na baadhi ya uvimbe ving'ae kwenye picha. Kuna maradhi ambayo haiongezi kitu, na mengine ambayo inavuruga.

Hatua ya 1: Jua daktari anatafuta nini

Muulize. Kama umeanguka au umegongwa na anaogopa mfupa, picha bila dawa inatosha, pingili za shingo huonekana wazi. Mwiba uliokwama kooni, vivyo hivyo. Jiwe kwenye tezi ya mate nalo: jiwe ni jeupe, na mshipa uliojaa dawa pia ni mweupe, hivyo kijiwe kidogo kinaweza kuchanganywa na mshipa.

Halafu kuna tezi ya thairoidi, ile inayovimba ikawa rovu. Anayesubiri kutibiwa saratani ya tezi hiyo kwa ayodini ya mionzi, mara nyingi madaktari hufikiri mara mbili kabla ya kumchoma dawa. Tezi ikishashiba ayodini ya sindano, ile ya tiba haiipokei vizuri, na matibabu yanaweza kungoja wiki kadhaa. Wapo pia wenye figo dhaifu au mzio wa dawa yenyewe.

Lakini kama kinachotafutwa ni jipu, saratani au mshipa ulioziba, picha bila dawa hueleza machache. Shingoni misuli, tezi na mishipa vimebanana, na bila dawa vyote hutoka kijivu kinachokaribiana. Ukiona fomu yako imeandikwa hivyo na huna sababu ya kuepuka dawa, uliza kwa nini. Huo si ubishi.

Hatua ya 2: Nyumbani

Kwa kawaida unakula na kumeza dawa zako kama siku zote, isipokuwa umeelekezwa vingine. Beba picha za zamani pamoja na majibu yake. Watu hulipuuza hili, ilhali msomaji wa picha akiwa nazo ndipo anaweza kusema uvimbe umekua au umebaki vilevile. Ukiwa mjamzito, au unahisi tu, sema mapema.

Hatua ya 3: Vua chuma

Mkufu, hereni, kipini cha pua, pini za nywele na za ushungi, miwani, meno ya bandia yanayotoka, kifaa cha kusikia. Chuma hutawanya mistari inayofunika sehemu za jirani. Aliyeletwa baada ya ajali akiwa amefungwa kola shingoni asiivue mwenyewe hata ikimkera.

Hatua ya 4: Kwenye meza

Unalala chali, kichwa kwenye kishikio, mikono ubavuni. Utaambiwa ushushe mabega kuelekea miguuni. Yashushe kwelikweli, kwa sababu yakibaki juu sehemu ya chini ya shingo hutoka na chengachenga.

Kisha usimeze mate. Ukimeza, zoloto hupanda na kushuka, na picha ya koo hutoka imetikisika. Meza kabla meza haijaanza kusogea, halafu tulia, pumua au zuia pumzi kama utakavyoambiwa. Kupiga picha kwenyewe ni sekunde chache.

Hatua ya 5: Unaamka, unavaa, unaondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mionzi yake ni mingi kiasi gani?*
Kwa mtu mzima ni takriban milisivati 3 (milisivati ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini). Mionzi ya asili, ya ardhini, angani na kwenye chakula, humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Kwa mwenye sababu ya kweli si ya kuogopesha. Kwa mtoto nina ukali zaidi: tezi yake ya thairoidi huathirika kwa urahisi na mionzi, kwa hiyo ni vema kuuliza kama utrasaundi ingetosha kuanzia.

*Mama yangu ana betri ya moyo. Itakuwaje?*
Awaambie wahudumu, lakini kwa CT kwa kawaida haizuii. Tahadhari kubwa ya sumaku ni ya MRI, mashine nyingine inayopiga picha kwa sumaku badala ya eksirei.

*Mimi naogopa sehemu finyu.*
Mashine hii ni pete pana, fupi, iliyo wazi mbele na nyuma. Si handaki.

*Ninanyonyesha, na natumia metformin, dawa ya kisukari. Nisimamishe?*
Kwa kipimo hiki hapana, yote mawili endelea nayo. Tahadhari ya metformin inahusu dawa ya kuchoma, hasa kwa wenye figo mbovu.

*Majibu yanasema hakuna kitu, lakini uvimbe naushika kwa mkono.*
Rudi kwa daktari na majibu hayo, mwonyeshe unapoushika. Inawezekana ukahitaji utrasaundi, CT yenye dawa, MRI, au kuchukuliwa sampuli kwa sindano. Ukianza kupumua au kumeza kwa shida, usingoje siku ya miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo.