Somo: Kutoa Moshi wa Jiko la Kuni Kupitia Banda la Gari

Mwanza hatuhitaji jiko la kupasha nyumba joto, lakini zipo nyumba zenye jiko la kuni lililojengewa ndani, likipakana na banda la gari au pikipiki. Fundi hukimbilia kutoboa ukuta wa kati kwa sababu anaogopa kutoboa bati na kuvujisha paa. Ushauri wangu ni kwamba bomba lipande wima kutoka jikoni hadi juu ya paa, lisiguse banda kabisa. Yanayofuata ni kwa asiye na njia nyingine.

Kwanza, ondoa petroli, yakiwemo madumu ya injini za mitumbwi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na unaweza kupenya chini ya mlango hadi kwenye moto. Mlango wa kati uzibe vizuri, na jiko lenyewe lisiwekwe bandani kamwe.

Pili, tumia bomba la chuma cheusi, kwa kuwa lililopakwa zinki likipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Kila kiungio kifungwe kwa skrubu tatu, na ncha iliyobanwa, ile nyembamba inayoingia ndani ya kipande kingine, ielekee upande wa jiko, ili majimaji meusi ya moshi yarudi ndani. Ukiona michirizi yenye harufu kali ikiteremka nje ya bomba, ujue vipande vimegeuzwa. Sehemu inayolala ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita, na elbo zisizidi mbili.

Tatu, bomba lisilozungushiwa kinga likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao au dari. Likishaingia bandani, lijengewe dohani ya matofali ya kuchoma yenye msingi wake, mahali ambapo gari haliwezi kuigonga. Kenchi zisiguse matofali hayo. Acha sentimita 5, uzibe kwa bati.

Mwisho, kilele kizidi paa kwa sentimita 90 pale kinapotokea, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Hapa kwetu kitu hicho huweza kuwa jabali la nyuma ya nyumba, ambalo fundi hulisahau kwa kuwa halimo kwenye ramani. Kofia ikinge pande zote, maana mchana upepo huvuma kutoka ziwani na usiku hugeuka.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, tangu nifunge feni ya kutoa hewa jikoni, moshi unarudi ndani. Nifanyeje?

Feni inatoa hewa nyingi kuliko inayoingia, kwa hiyo nyumba inajazia kupitia dohani. Izime jiko linapowaka, ufungue dirisha.

Shikamoo mwalimu. Jiko la mkaa halitoi moshi. Je, nalo linahitaji bomba?

Marahaba. Linahitaji njia ya hewa hata zaidi ya unavyodhani, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kisha huzimia. Usilale nalo chumbani, hata likionekana limebaki majivu.

Dohani isafishwe lini?

Angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi masizi yakifika unene wa milimita 3. Ukichoma kuni mbichi, yatafika upesi.