Kabla shahidi hajapanda kizimbani: mambo ya kuzingatia

Mzee mmoja kutoka milimani Rungwe aliniletea mkataba wa kununua shamba akiwa ameufunga ndani ya mfuko wa sukari. Ulikaa darini juu ya jiko la kuni miaka mingi. Karatasi ilikuwa imegeuka kahawia, inanuka moshi, na dole gumba la muuzaji limefifia limebaki kivuli. Nikatoa nakala, nikamrudishia mkataba wake aende nao nyumbani. Siku ya kusikilizwa akaja mikono mitupu. "Mwanangu wakili, si ulishautoa picha?" Upande wa pili ukaweka pingamizi, nakala ikakataliwa. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Tangu hapo, kesi iwe ya Baraza la Ardhi na Nyumba au ya Mahakama Kuu pale Mbeya, naanza kwa kuuliza safari ya kila karatasi: nani aliiandika, imekaa kwa nani, na nani ana haki ya kuitoa mbele ya mahakama. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka nyaraka halisi. Nakala inapokelewa kwa masharti yake. Kama halisi iko kwa mpinzani, mpe kwanza notisi ya kuileta. Angalia pia ushuru wa stempu, maana mkataba ambao haujalipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe, na mikataba mingi ya vijijini haijawahi kuliona dirisha la malipo hayo. Meseji za simu nazo zina sheria yake, ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015: jiandae kueleza zilitunzwaje na utajuaje hazijachezewa.

Halafu mpangilio wa kutoa kielelezo, yaani karatasi unayotaka iwe ushahidi. Shahidi aitambue nyaraka, uombe ipokelewe, ipokelewe, ndipo isomwe. Mahakama ya Rufani ililiweka wazi hilo katika uamuzi wa 2003, lakini mpaka leo kuna mawakili wanaoanza kusoma kabla ya kupokelewa.

Shahidi wa shamba usimwandalie ofisini. Nenda naye shambani. Mama mmoja aliniambia mpaka wake ni "pale kwenye milingoti", nami nikaandika hivyo hivyo. Tulipofika, miti mitatu ya milingoti ilikuwa imekatwa, visiki vimechipua upya, na safu nyingine ya milingoti michanga ilikuwa imepandwa hatua kama kumi ndani ya shamba lake. Angeulizwa kizimbani "milingoti ipi?" angebabaika, na ukweli wake ungeonekana uongo. Tulisimama kwenye kila kisiki, akanieleza nani alikata na yeye alikuwa wapi siku hiyo.

Kumwandaa shahidi si kumpa majibu. Ninachomwambia ni hiki: sikiliza swali mpaka mwisho, jibu ulichokiona au kukisikia mwenyewe, usichokijua sema hukijui. Maneno ya kukariri hakimu anayatambua mapema, na kumfundisha mtu uongo kunaweza kukuondoa wewe mwenyewe kwenye uwakili. Kumbuka pia kwamba kwenye ushahidi wa msingi, yaani unapomuuliza shahidi wako mwenyewe, huruhusiwi kumuuliza maswali ya kumwongoza kwenye jibu, kwa hiyo azoee kusimulia bila kushikwa mkono.

Lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu marekebisho ya 2021, na hilo limewasaidia sana watu wetu. Ila bibi anayewaza kwa Kinyakyusa au Kihehe akilazimishwa Kiswahili hujibu nusu nusu. Omba mkalimani mapema.

Wingi wa mashahidi usikusumbue; sheria haitaji idadi. Anayetoka Kyela au Makete aje jana yake, na wakati wenzake wanatoa ushahidi akae nje.

Mwisho andaa maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa mpinzani. Kwa kila shahidi wa upande wa pili naandika mambo mawili matatu, basi. Lakini jambo zito alilosema dhidi ya mteja wako usilipite kimya, kwa sababu mahakama huweza kuchukulia kwamba umelikubali. Akisema mama aliuza shamba, muulize mbele ya hakimu: aliuza lini, kwa nani, mbele ya nani, na karatasi iko wapi.