Mambo ya kuzingatia kabla hujafunga breki ya dharura kwenye gari unalolivuta nyuma ya motohomu

Wenye motohomu, yale magari makubwa yenye nyumba ndani, huku Marekani mnajua, ukishafika kambini ukaipaki ukachomeka umeme na maji, huwezi tena kuing'oa eti unaenda dukani kununua maziwa, ndo maana watu wanavuta gari dogo nyuma, matairi yote manne yakiwa chini. Sasa hilo gari dogo linahitaji breki za aina mbili na wengi wanazichanganya. Kuna breki ya kusaidia, inayokanyaga pedali ya gari dogo kila unapokanyaga breki ya motohomu. Halafu kuna hii ya dharura, ambayo kazi yake ni moja tu: gari dogo likichomoka kwenye motohomu mkiwa barabarani, lijisimamishe lenyewe kabla halijaingia kwenye njia ya wengine. Kwa hiyo kabla hujashika spana jiulize kila hatua, hiki ninachokifunga kinategemea kitu kile kile kitakachokuwa kimekatika siku hiyo? Kama jibu ni ndiyo, hapo huna breki.

Kwanza hakikisha gari lenyewe linaruhusiwa kuvutwa hivyo, soma kitabu chake, usimsikilize muuzaji. Jeep Wrangler inakubali ukiweka transfa kesi (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) nyutro, Honda CR-V zilikubali mpaka za 2014, baada ya hapo giaboksi ilibadilika ikawa basi. Halafu angalia uzito. Majimbo mengi yanaanza kudai breki kwenye kinachovutwa kikifika pauni 3,000, California wanaanzia pauni 1,500, na Wrangler ya milango minne inapita pauni 4,000, kwa hiyo usijidanganye kwamba gari lako ni dogo.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mbele ya gari dogo kunafungwa swichi yenye pini, pini imeshikwa na waya mwembamba wa chuma unaoenda mpaka kwenye motohomu. Magari yakiachana waya unachomoa pini, swichi inapitisha umeme wa betri, mashine inakanyaga pedali. Hiyo mashine inaweza kuwa boksi unaloliweka chini mbele ya kiti cha dereva likashika pedali, au ile ya kufungwa moja kwa moja kama InvisiBrake ya Roadmaster. Boksi linahamishika ukibadilisha gari, ila kila safari lazima ulipange upya, na kwa mtu mwenye haraka hapo ndo makosa yanapoingia.

Sasa huo waya, hapa naomba usome taratibu. Mi mara ya kwanza niliufunga kwenye chuma chenyewe cha kuvutia kwa sababu ndo kilikuwa karibu na kulikuwa na tundu zuri kabisa. Mzee mmoja tuliyepaki naye jirani akaja akaangalia, akaniuliza kwa upole tu, hiki chuma kikichomoka chote kwenye motohomu, huo waya utavutwa na nani? Sikuwa na jibu. Chuma kingeondoka na gari dogo, waya ungeondoka nacho, pini ingebaki palepale kwenye swichi na gari lingeendelea kuserereka. Waya unafungwa kwenye motohomu yenyewe, kwenye chasisi au sehemu iliyochomelewa kwenye chasisi, sio kwenye chuma cha kuvutia, sio kwenye minyororo ya usalama, wala usiuzungushe humo. Swichi nayo iangalie mbele ili pini itoke ikiwa imenyooka, na ikae kwenye bamba gumu, sio kwenye plastiki ya bampa maana bampa itang'oka na pini isitoke. Urefu uutafute kwenye uwanja mtupu, kata kona kali kushoto na kulia huku mwenzio anatazama, waya usivutike na usiburuze chini.

Betri ndo roho ya hii kitu. Ukivuta gari masaa sita huku funguo iko kwenye hatua ya kuachia stelingi, betri inaliwa kidogo kidogo, na siku pini ikitoka unakuta haina nguvu ya kukanyaga chochote. Sheria ya shirikisho kwa matela ya biashara inataka breki zikishashika baada ya tela kuchomoka zikae hivyo si chini ya dakika 15, gari lako sio tela la biashara lakini mi naona hicho ndo kipimo kizuri. Vuta waya wa chaji kutoka motohomu, weka fyuzi. Na kama boksi lako linachomekwa kwenye soketi ya chaja, pima kwa testa kama ile soketi ina umeme wakati funguo imezimwa, maana magari mengi inakufa.

Boksi usiliweke juu ya kapeti iliyokunjamana wala kiti kisicholoki vizuri. Likisukumwa mbele kidogo tu, breki zinashika safari nzima bila wewe kujua huko mbele, na breki zinazoshika muda wote zinaweza kuwasha moto. Kabla ya kulifunga zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ndo ulipange. Ukishatembea kama maili 10 simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa, yenye joto kuliko wenzake ina shida.

Kila safari, kabla ya kuondoka, chomoa pini kwa mkono. Pedali ishuke, taa za breki ziwake, halafu irudishe haraka, usiiache maana unamaliza betri, na usiifanye kuwa handibreki ya kupakia. Ukifungua magari uanze kufungua na huo waya, ukiusahau ukaondoa motohomu utachomoa pini na matairi yamefunga. Waya ukianza kuchanika nyuzi au kushika kutu badilisha, ni wa bei ndogo. Pini ya akiba mi naiweka droo moja na fyuzi, kwa sababu pini ikipotea njiani gari halisogei.