Kupinga makato ya benki na kusahihisha rekodi ya CRB nchini Kenya

Ukikuta umelistiwa CRB, yaani umeandikwa kama asiyelipa deni katika kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, usikimbilie kulipia cheti cha CRB, kile cha kuonyesha kwamba huna deni baya. Cheti hakirekebishi hesabu iliyokosewa wala hakifuti historia. CRB hupokea tu kile mkopeshaji alichotuma, kwa hiyo kosa husahihishwa lilikotoka.

Anza na ripoti yako ya mikopo. CRB zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila mojawapo. Chukua zote, maana huenda zisilingane. Angalia jina la mkopeshaji, namba ya akaunti, kiasi na tarehe malipo yalipokatika. Mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukikaa siku 90 bila kulipwa. Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika KSh 1,000 halipaswi kupelekwa CRB, na mkopeshaji lazima akuarifu siku 30 kabla ya kukulisti. Hukuarifiwa? Mwombe nakala ya ilani hiyo kwa maandishi.

Kisha iombe benki taarifa kamili ya akaunti kuanzia siku mkopo ulipotoka, si ya miezi sita pekee. Hapa usiwe na haraka. Gawanya makato mafungu matatu: riba, faini za kuchelewa, ada nyinginezo. Linganisha kila moja na barua ya mkopo uliyotia sahihi. Unaweza kukutana na bima iliyokatwa mara mbili, au riba iliyopanda katikati ya mkataba. Kosa moja la kawaida ni akaunti ya mshahara wa kazi ya zamani: mwenyewe aliiacha bila kuifunga, ada ya kila mwezi ikaendelea kukatwa hadi salio likawa hasi, na hatimaye akalistiwa kwa deni ambalo hakulikopa.

Vifungu viwili vitakusaidia, vyote katika Sheria ya Benki. Kifungu cha 44 kinaikataza benki kupandisha ada bila idhini ya Waziri wa Fedha, na mnamo Juni 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba riba nayo imo. Kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka kikomo: mkopo ukishakuwa mbovu, riba haiwezi kuzidi salio la mkopo wenyewe siku hiyo. Ukiwa ulibakiza KSh 50,000, benki inaweza kudai hizo 50,000, riba isiyozidi 50,000 nyingine, pamoja na gharama halisi za kufuatilia deni. Ukidaiwa 180,000, itake benki ieleze zile 80,000 zilizozidi ni gharama gani, kwa stakabadhi.

Sasa andika barua. Taja tarehe na kiasi cha kila kato unalopinga, kifungu unachokitegemea, na unachotaka: kurudishiwa pesa, hesabu mpya, na rekodi kusahihishwa CRB. Malalamiko ya jumla kama “mnaninyonya” hujibiwa kwa barua ya jumla. Peleka nakala mbili tawini, na yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa barua pepe, dai namba ya malalamiko. Sehemu ya deni usiyoipinga, endelea kuilipa. Ukisimamisha yote unaipa benki sababu halali ya kukulisti.

Wakati huohuo wasilisha pingamizi kwa kila CRB yenye kosa, ukiambatanisha kitambulisho, taarifa ya akaunti na barua yenye mhuri. Omba rekodi yenye kosa iwekewe alama kwamba inapingwa.

Kama deni lilikuwa la kweli na umelimaliza, dai barua ya kumaliza deni, kisha chukua ripoti upya uhakikishe linasomeka kuwa limelipwa. Halitatoweka: historia hubaki miaka 5. Anayekuahidi kuifuta kwa ada anakuibia, na ukimpa kitambulisho chako anaweza kukukopea deni jingine.

Benki ikikaa kimya au ikikataa bila kueleza, peleka faili lote Benki Kuu, pamoja na ile nakala yenye mhuri, kwani utaulizwa kwanza kama benki yenyewe ilipewa nafasi ya kujibu. Kurudishiwa pesa zisizozidi KSh 1,000,000 unaweza kudai katika Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili.